Aprili Suruali Haikauki

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sisemi hivyo kwa majivuno. Ni hali tu, kama watu wengine walivyo na pumu. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walitawanyika, huyu Nairobi, yule kwa shangazi yake Mombasa, mwingine chuo cha ufundi. Mimi nilitoka shuleni nikaenda moja kwa moja hadi kwenye kochi la mama, hapo Nyakoe, na hapo nikakaa. Nilisaidia dukani, hilo nisinyimwe. Duka letu limepakana na sebule, kwa hiyo asubuhi nilikwenda kazini hatua kumi na moja, jioni nikarudi hatua kumi na moja, kisha nikalalamika kwamba nimechoka.

Dada yangu mdogo alikuwa kidato cha tatu, shule ya bweni. Likizo ya Aprili ilipofika alirudi na sanduku lake la bati, akasimama sebuleni akanitazama.

"Hujahama? Januari nikiondoka ulikuwa hapo hapo."

"Nilisimama Februari," nikamjibu. "Kulikuja wageni."

Mama hakucheka. Alikuwa mlangoni mwa duka ameshika simu kifuani, dalili kwamba ametoka kuzungumza na mjomba wa Nakuru.

"Alhamisi mtaenda kwa nyanya yenu," akasema. "Mlale siku moja, Ijumaa mrudi kabla ya Sabato."

"Kuna nini kwa nyanya?"

"Kuna mama yangu."

Basi akatueleza. Tangu babu afariki, nyanya aliishi peke yake huko juu upande wa Nyamira, yeye na chai yake na ndizi zake na ng'ombe mmoja mwenye hasira. Kila Jumapili jioni mama alimpigia simu, na kila Jumapili nyanya alisema yuko sawa, kwa sauti ile ile, kama mtu aliyejirekodi. Mjomba alikuwa ametenga chumba kwake Nakuru na alikuwa anangoja neno la mama. Na mama sasa alikuwa anangoja letu.

"Mkiniambia anaweza kukaa peke yake, atakaa. Mkiniambia hawezi, mjomba wenu anakuja na gari mwisho wa mwezi anamchukua. Mimi nikienda ananionyesha meno tu, nyumba imefagiliwa mpaka nyuma ya choo. Nyinyi atasahau kwamba mna macho. Na msimwambie mmetumwa."

Nilijaribu udhuru. Nikauliza duka litabaki na nani. Mama akasema duka lilikuwepo kabla yangu na lilikuwa likiuza zaidi. Hapo nikafungasha mswaki na chaja. Suruali nilikuwa nayo, ile jinzi niliyoivaa. Mtu anayekwenda kulala siku moja habebi kabati.

Kutoka lami hadi kwa nyanya ni mlima mtupu, chai kulia, chai kushoto, na katikati udongo mwekundu ambao mvua ya Aprili huugeuza sabuni. Mwenye boda alitupandisha mpaka mahali fulani, akazima pikipiki, akatuambia kwa upole, "Kuanzia hapa ni nyinyi na Mungu." Dada yangu alivua viatu akapanda kama mbuzi. Mimi sikuvua, kwa sababu miguu yangu haijazoea kuguswa na nchi. Nilikuwa nimebakiza kama mita ishirini nilipoteleza nikakaa, na nikiwa nimekaa hivyo hivyo nikaendelea na safari, ila kwa kushuka.

Mtu mmoja alikuwa amesimama juu, mikono kiunoni, akinitazama ninavyozidi kuwa mbali naye.

"Mume wangu," nyanya akaniita, "umekuja au unarudi?"

Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa nyanya yake kwa utani, na mjukuu wa kike ni mke mwenza, na utani huo hauna likizo. Haya yote aliyasema kwa Ekegusii, lugha yetu. Nikiyaweka kwa Kiswahili chumvi inapungua kidogo, mnisamehe.

Alituketisha, akatumiminia chai ya maziwa, akangoja tunywe vikombe viwili viwili. Kisha akauliza:

"Nani anaumwa?"

"Hakuna, nyanya."

"Nani amekufa?"

"Hakuna."

"Basi mmetumwa."

Dada yangu akaanza kuchunguza mabati ya paa. Mimi nikasema tumekuja kumsalimia tu.

"Kunisalimia." Akanitazama na matope yangu. "Wewe, ambaye siku ya kumzika babu yako ulitolewa kitini na watu wawili, umekuja kunisalimia na mvua hii." Akatikisa kichwa taratibu, akachukua kikombe changu. "Haya. Angalieni basi."

Tukaangalia. Sijaona mwanamke mzee akifanya kazi vile. Kila nilipogeuza shingo alikuwa amebeba kitu. Alipita na nyasi za ng'ombe. Alipita na kuni. Alipita na mkungu wa ndizi mabegani, akaupeleka nyuma ya nyumba, na baada ya muda akapita nao tena kutoka upande wa pili. Dada yangu akaninong'oneza, "Si huo mkungu ni ule ule?" Ulikuwa ule ule.

Jioni tulikula obokima, ule ugali mweusi wa wimbi, na chinsaga, ile mboga yetu chungu, iliyolala kwenye maziwa. Nilikula sana, nikalala nikiwaza ripoti yangu: nyanya ana nguvu, anabeba ndizi kuzunguka nyumba. Kesho saa saba mchana niko njiani, saa kumi niko kwenye kochi.

Ijumaa asubuhi niliamka nimejifunika blanketi na suruali yangu haipo.

Nilichungulia dirishani. Nyanya alikuwa ameinama juu ya karai uani, mikono imezama hadi viwiko kwenye povu jekundu, na mguu mmoja wa jinzi yangu ukining'inia nje kama mtu anayejaribu kutoroka.

"Nyanya! Hiyo naivaa!"

"Uivae na udongo wa watu? Mama yako atasema nini? Kwamba umekuja kwangu ukarudi kama nguruwe?"

"Lakini tunaondoka leo."

"Itakauka," akasema.

Mtu anayeijua Nyamira mwezi wa Aprili anajua uzito wa neno hilo. Asubuhi kuna ukungu. Ukungu ukiondoka jua linatoka kidogo, linaangalia watu kwa nusu saa, linajuta. Saa sita mawingu yanakusanyika, saa nane mvua. Shati linaweza kuponea hapo katikati. Jinzi ni godoro. Nilikaa kitandani na blanketi kiunoni, nikiikodolea macho ile suruali kwenye kamba, ikidondosha tone, inafikiri, inadondosha lingine.

Simu yangu ilikuwa imezimika. Mti ulikuwa umeangukia nyaya za umeme mahali fulani huko bondeni tangu Jumanne, na chaja yangu niliyobeba kwa akili nyingi ilikuwa haina pa kuchomekwa. Dada yangu alikuja mara tatu kunitazama, kama mtu anayetembelea mfungwa.

"Nenda peke yako," nikamwambia. "Umwambie mama tumeona ni mzima."

"Mama alisema turudi pamoja. Na mimi kwani nina haraka? Nimetoka kwenye shule yenye kengele ishirini kwa siku. Hapa hakuna hata moja." Akang'ata ndizi. "Funga blanketi vizuri, mume wa watu."

Saa nane mvua ikaja. Nyanya akaianua suruali, akaikamua, mvua ikaisha, akaianika tena. Nikaona matumaini yangu kwenye pasi ya makaa. Niliikumbuka, ipo chini ya kabati. Nikaomba nipewe niikaushe mwenyewe. Nyanya akatoka nje akaangalia upande jua linakozama, ingawa jua lenyewe halikuonekana.

"Sabato inaingia," akasema.

Sisi nyumbani pia ni Wasabato, lakini ni Wasabato wa kituo cha biashara. Mama hufunga duka, kweli, ila mlango wa nyuma hubaki na masikio. Kwa nyanya Sabato ilikuwa Sabato. Kabla jua halijazama chakula cha kesho kilikuwa kimepikwa na kufunikwa, maji yamejazwa, uwanja umefagiliwa, na moto wa pasi haungewashwa hata kwa ajili ya rais. Na zaidi ya hayo, nguo hazikai kwenye kamba siku ya Sabato, kwa sababu watu watapita wakienda kanisani na watadhani nyumba hii inafua. Nyanya aliitoa suruali yangu kwenye kamba ikiwa mbichi kama mboga, akaikunja vizuri, akaiweka ndani ya karai, akaifunika.

"Itapumzika," akasema. "Hata yenyewe ni kiumbe."

Kisha tukaimba wimbo wa kukaribisha Sabato, mimi na blanketi langu nikiimba sauti ya pili.

Msidhani niliachwa na blanketi kwenda kanisani. Nyanya alifungua sanduku, akatoa suruali ya babu, ya kijivu, yenye mikunjo mbele na miguu mipana inayoweza kuhifadhi kuku. Babu alikuwa mtu mnene. Tuliifunga kiunoni kwa tai, tai ya babu pia. Dada yangu ilibidi atoke nje acheke huko, arudi, aone tena, atoke tena.

"Umependeza," nyanya akasema, na hakuwa anatania. Aliitengeneza ile mikunjo kwa viganja vyake muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Kanisani nilijifunza kwamba suruali ina marafiki. Akina mama waliponisalimia hawakuniangalia usoni. Waliangalia chini, wakasema, "Ooh," wakanishika mkono kwa mikono miwili. Mzee mmoja wa kanisa alinizunguka, akasema naye alikuwa na ya kitambaa hicho hicho, walinunua siku moja. Tangu somo la asubuhi mpaka mkutano wa mchana nilikaa wima bila kusogea, nikiogopa tai itafunguka mbele ya kusanyiko.

Ni pale, wakati wa chakula cha mchana nje ya kanisa, ndipo jirani yake nyanya alipotusogelea na sahani yake. Mama wa makamo, mkarimu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe.

"Mmefanya vizuri kuja," akatuambia. "Sisi tulikuwa tunashangaa. Tangu ile siku ya kisima, hakuna mtu wake aliyekuja."

"Siku gani ya kisima?" dada yangu akauliza.

Yule mama akaacha kutafuna. Niliona usoni mwake mtu aliyeahidi jambo na sasa analitafuta limekwenda wapi. Lakini lilikuwa limeshatoka. Wiki mbili zilizopita nyanya alishuka kisimani mapema, akateleza penye jiwe, akashindwa kuinuka. Alikaa pale kwenye matope, akiita, na mvua ya usiku ilikuwa imewafungia watu ndani. Wakati anakutwa mtungi ulikuwa umeshasombwa na maji. Walimpandisha watu watatu. Siku tatu hakutoka nyumbani, kisha akatoka, akawapitia mmoja mmoja akiwaambia wasimwambie binti yake.

"Nilidhani yeye mwenyewe amewaambia," yule mama akasema, na akaenda kuketi mbali nasi.

Dada yangu alinivuta nyuma ya kanisa. Nilivutika polepole, mkono mmoja kwenye tai.

"Tunamwambia mama."

"Ngoja."

"Ningoje nini? Aanguke mara ya pili?"

"Akisikia, mwisho wa mwezi gari liko hapa."

"Basi si ndiyo maana tulitumwa? Ama ulidhani tulikuja kula chinsaga?"

Dada yangu ana kipaji cha kuuliza swali ambalo jibu lake ni ndiyo na ndiyo hiyo inakukera.

Jumapili suruali ilitolewa karaini, sasa ikinuka kama kitambaa cha kufutia meza hotelini, ikafuliwa upya, ikarudishwa kwenye kamba. Nyanya akatutangazia kwamba leo ni siku ya kuchuma. Nadhani aliona sura zetu zimebadilika tangu jana. Akatuvika aproni za plastiki, akatuning'inizia vikapu mgongoni, akatuingiza kwenye chai.

Majani mawili na kichipukizi, ndivyo inavyochumwa. Nilijua hilo kwa maneno. Kwa vidole ni jambo lingine. Nyanya alichuma kwa mikono yote miwili bila kuangalia, huku akitusema, na vidole vyake vikienda kama vya mtu anayepiga taipu. Alisonga mistari miwili nikiwa bado nabishana na kichaka kimoja. Kadiri jua lilivyopanda ndivyo nilivyoanza kunyakua tu, jani, kijiti, chochote chenye rangi ya kijani. Kwenye kituo cha majani, karani wa kupima akaingiza mkono kikapuni mwangu, akauinua, akaangalia alichoshika.

"Hii ni ya kiwanda au ya ng'ombe?"

"Ni mume wangu," nyanya akamweleza, "amezaliwa kochini."

Kituo kizima kilicheka. Nilimwaga majani yangu kwenye gunia lililotandazwa chini nikayachambua moja moja mbele ya watu, nimevaa suruali ya marehemu. Dada yangu alipita na kikapu chake kilichokubaliwa akanipigapiga begani.

Dada alitangulia nyumbani kuangalia suruali yangu. Mimi na nyanya tukarudi polepole na vikapu vitupu. Kuna mahali njia inavuka mtaro, na mvua ilikuwa imekula kingo zake. Mtu mzima anavuka kwa hatua moja ndefu. Nyanya alifika pale akasimama. Alijifanya anaangalia chai ya jirani. Akasema imeachwa ikazidi, ona, mtu mvivu. Akasimama tena. Halafu, bila kunitazama, akanyoosha mkono pembeni, ukakaa hewani.

Nilimpa bega. Alivuka amening'inia kwangu kwa mikono yote miwili, na nilihisi goti lake likitetemeka ndani ya gauni. Hakuwa mzito. Nilitamani angekuwa mzito zaidi.

Upande wa pili akakitengeneza kitambaa chake cha kichwani.

"Umeona nini?"

"Sijaona kitu, nyanya."

"Mume mzuri."

Tukatembea kidogo, kisha akaanza kusema, kama anaiambia njia. "Babu yako alipokufa nilikaa Nakuru mwezi mmoja. Mjomba wako ni mtoto mzuri, mke wake pia. Lakini asubuhi wote wanaondoka. Wananifungia geti kwa nje, kwa ajili ya usalama. Mimi nakaa kwenye kochi. Naangalia televisheni, watu wanagombana, sijui wanagombania nini. Saa nane nasinzia. Nikiamka naangalia tena. Chakula kiko tayari kwenye vyombo, napasha. Jua linazama. Sasa niambie, mtu anaishi hivyo?"

Alikuwa amesimulia maisha yangu mwanzo hadi mwisho, hata saa ya kusinzia, na mimi mtu huyo nilikuwa nimeyachagua, tena nikiyalilia tangu Ijumaa. Nilitaka kurudi kwenye kochi langu kwa nguvu zote, na yeye kwa nguvu zile zile hakutaka kupelekwa kwenye la mjomba. Nilifikiri juu ya hilo mpaka mlangoni, na sikupata namna ya kulitania.

Simu ya nyanya ni mulika mwizi, ile ndogo ya vitufe yenye tochi, na hukaa ndani ya kikombe cha bati dirishani kwa sababu ni hapo tu mtandao unapofika. Ilipofika saa kumi na mbili jioni alivuta viti vitatu akavipanga mbele ya dirisha kama vya kikao cha mahari.

"Mama yako atapiga sasa. Utamwambia ulichotumwa kuangalia. Utamwambia hapa, nikisikia."

Ndipo nikaelewa. "Nyanya, ulifua suruali yangu makusudi."

"Ilikuwa chafu," akasema. Halafu akaongeza, "Mlitaka kukaa siku moja, mwende kusema mambo yangu nikiwa sipo. Mambo yangu yasemwe nikiwepo."

Simu ikalia. Akabonyeza spika mwenyewe.

Mama alisalimia, akauliza mbona hatukurudi Ijumaa, nikamweleza habari ya suruali, akacheka kwa mara ya kwanza tangu Januari. Kisha sauti yake ikabadilika.

"Sasa niambie. Yuko sawa?"

Nyanya alikuwa ameshika mapaja yake, macho kwenye kikombe. Dada yangu alikuwa ananiangalia mimi.

"Yuko sawa," nikasema.

"Anatembea vizuri?"

"Anatembea kuliko mimi." Huo haukuwa uongo.

"Hajaanguka? Hajaumia? Nimeota vibaya mara mbili."

Kuna uongo unaotoka mdomoni kama pipi, mwepesi. Huu ulitoka kama mfupa. "Hapana, mama. Hajaanguka."

"Mpe dada yako."

Dada yangu hakuichukua simu. Aliisogelea tu dirishani. Alimwangalia nyanya. "Nyanya, nisamehe," akasema. Halafu akasema: "Mama, alianguka kisimani. Wiki mbili zilizopita. Alikaa kwenye matope akiita na hakuna aliyesikia."

Nyanya hakugeuka. Aliitoa simu kwenye kikombe taratibu, kama anataka kuizima, mtandao ukaanza kukatakata, akairudisha.

"Mama?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo. "Mama, ni kweli?"

"Niliinuliwa," nyanya akasema.

"Na mimi nilikupigia Jumapili ya wiki ile ile ukaniambia uko sawa."

"Nilikuwa nimeshainuliwa."

Tulimsikia mama akilia kwa chini, kama anavyolia dukani akiwa amewapa wateja mgongo. Kisha akapenga kamasi. "Nipeni yule mwongo."

"Nipo," nikasema.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ukataka kumwacha hapo aanguke tena? Ulitaka nini hasa? Niambie, maana mimi sielewi."

Mimi mwenyewe sikuelewa. Nilikuwa kwenye kiti katikati ya wanawake watatu, mmoja ndani ya kikombe, wote wakingoja, na suruali yangu ikiwa nje inadondosha. Nilitafuta mlango nikakosa. Neno lililotoka sikulituma.

"Nilitaka nibaki naye."

Halafu dada yangu akaanza kucheka, machozi yakiwa bado yanamtoka. Mama naye, huko Nyakoe, nikamsikia akisema pembeni, "Mungu wangu." Akauliza kama nina homa.

"Maji nitachota mimi," nikasema, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyozidi kujifunga, kila sentensi ikipigilia msumari. "Nitalala hapa. Nitakuwa nakwambia ukweli kila Jumapili. Mjomba asije kwanza."

"Wewe? Kochi nilipe nani?"

"Lipumzike."

Mama alifikiri muda mrefu. Tuliogopa mtandao umekwenda. "Mpaka Agosti," akasema. "Ukinidanganya tena hata mara moja, namtuma mjomba siku hiyo hiyo. Na awachukue wote wawili." Akavuta pumzi. "Sasa nitamwambiaje? Ameshanunua kitanda. Alinitumia picha juzi, amefurahi kama mtoto."

Nyanya, ambaye alikuwa ameketi kama mshtakiwa aliyeachiliwa bila kuelezwa, akainua uso.

"Kitanda?"

"Kitanda, mama. Kipya."

"Cha futi ngapi?"

"Nne kwa sita, nadhani."

"Nne." Akapima kwa mikono hewani. Kitu kilipita usoni mwake ambacho sikuwa nimekiona siku zote nne, si ujanja wala si ushindi. Alimwona mwanawe, nadhani, dukani huko Nakuru, akibonyeza magodoro. "Mtu mmoja, futi nne. Huyu mtoto ana kichaa." Akashusha mikono. "Usimwambie wewe. Nitamwambia mimi mwenyewe."

Alimpigia papo hapo, bila kuondoa spika. Mjomba aliitika kwa furaha. Nyanya akamsalimia, akamuuliza watoto, akamuuliza mvua, kisha akamwambia kwamba amesikia habari ya kitanda na anamshukuru, lakini kwa sasa asiupoteze mwisho wa mwezi kuja na gari, hapa kwake kuna mtu. Mjomba akauliza mtu gani. Nyanya akanitaja. Mjomba akasema, "Yule?"

"Nitakuja kukiona Agosti," nyanya akamwambia. "Nitakilalia wiki moja nikipime. Uweke na godoro chini pembeni, ninakuja na mume wangu."

Hakuna aliyeniuliza.